Beji ya Irine

Lukasi aliapa kwa Mungu, akaapa kwa marehemu baba yake, na alipoanza kuitafuta Biblia kwa macho Koleta Tarimo akamwambia aketi.

"Sikukuitia viapo, kaka. Nimekuuliza beji yako imepanda kwa nini."

Walikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo cha Kituo cha Afya Upendano, mjini Same, maana chumba cha eksirei kilikuwa kimefungwa kwa utepe tangu juzi. Koleta alikuwa mkaguzi wa mionzi, ametumwa kutoka Arusha. Mwanamke mnene kiasi, mpole wa sauti, mwenye tabia mbaya ya kunyamaza baada ya kuuliza swali mpaka mwenye kuulizwa aone aibu. Pembeni yake alikaa Sajenti Iddi wa polisi Same, aliyeazimwa kwa kazi hii, ambaye hadi asubuhi ile alikuwa akiamini kwamba mionzi ni mambo ya redio na televisheni.

Kila anayefanya kazi na eksirei huvaa beji kifuani, kidude cha plastiki kisichozidi kibiriti kwa ukubwa. Hakilii wala hakiwaki taa. Kinameza mionzi kimyakimya, na mwisho wa mwezi kinapelekwa maabara kusomwa. Beji ya Irine Mshana, mtaalamu wa eksirei wa kituo hiki, ilikuwa imesoma kwa mwezi mmoja karibu kiasi chote anachoruhusiwa mfanyakazi kwa mwaka mzima. Hilo peke yake lingetosha kumnyanyua Koleta kitini. Lakini Irine alikuwa na mimba changa, mimba ya kwanza baada ya kuisubiri kwa miaka, na tangu apate majibu yale alikuwa haulizi kitu kingine duniani ila kimoja: mtoto wangu amepigwa au hakupigwa?

Mganga mkuu wa kituo alikwisha kumpata mkosaji wake kabla Koleta hajashuka kwenye gari. Lukasi, msaidizi wa eksirei, anaitaka nafasi ya Irine. Lukasi ameichukua beji ya mwenzake, ameilaza chini ya mashine na kubonyeza kitufe mpaka akachoka, ili Irine aonekane mzembe. Ushahidi ni nini? Beji ya Lukasi mwenyewe nayo imepanda mwezi huohuo.

Koleta alinyamaza. Lukasi aliangalia viatu vyake, akaangalia vya Sajenti, akarudi kwenye vyake.

"Picha nilikuwa napiga peke yangu, madamu," alisema hatimaye.

"Kwa nini peke yako? Irine alikuwa wapi?"

"Mwisho wa mwezi alikuwa likizo, Kifaru kwa mume wake. Mwanzoni alikuwepo. Ila nilimwambia akae nje aandikishe wagonjwa, ndani niachie mimi."

"Yeye ndiye bosi wako. Wewe ni nani wa kumpangia?"

"Nilimwona anatapika asubuhi nyuma ya tangi la maji. Mke wangu naye alikuwa vilevile kwa mtoto wetu wa pili. Nikajua." Alijikuna shingo. "Sikumwambia mganga mkuu. Jambo lenyewe Irine hajalitangaza, nilitangaze mimi?"

Sajenti Iddi, aliyekuja na pingu kiunoni akitumaini kuzitumia, aliziweka sawa zisigongane.

Walipotoka nje barazani, upepo wa Same ulikuwa umeanza kazi yake ya kumwaga vumbi kwenye macho ya watu wasio na hatia.

"Basi si yeye," alisema Iddi, kwa masikitiko kidogo.

"Nilijua si yeye kabla hajaketi."

"Sasa mbona umemtoa jasho vile?"

"Nilitaka kujua kwa nini beji yake imepanda. Sasa najua, na nampenda bure." Koleta aliitoa beji ya Irine mfukoni, akaifungua kwa kucha. "Tazama hapa, afande. Ndani kuna chembe ndogo, kila moja na kifuniko chake. Hii imefunikwa na plastiki, hii imefunikwa na shaba. Mashine ya hapa kituoni inatoa mionzi dhaifu. Kwenye plastiki inapita, kwenye shaba, mingi inakwama. Angekuwa Lukasi ameilaza beji chini ya mashine, chembe ya plastiki ingeshiba na ya shaba ingebaki na njaa. Lakini maabara wamesoma zote mbili, na zote zimeshiba sawa."

"Maana yake?"

"Maana yake mionzi hii haikujali kama mbele yake kuna shaba au karatasi. Ina nguvu kuliko ya mashine yao. Imetoka mahali pengine."

Iddi aliutazama mji wake: stendi, soko, mnara wa simu, mlima nyuma. "Mahali gani? Sisi hapa tuna jasi na mkonge. Bomu hatujawahi kutengeneza."

"Ndiyo maana nikakuomba wewe. Mimi Mchaga, vichochoro vya Upare sivijui."

"Mchaga amekiri kuna kitu hakijui!" Iddi alifurahi mpaka akasahau vumbi. "Mvua itanyesha leo."

*

Nyumba ya Irine ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, vyumba viwili na sebule. Mwenyewe aliwafungulia akiwa amejifunga kanga mbili, uso umevimba kwa kulia, akawaandalia chai ya tangawizi kali ya milimani ambayo yeye mwenyewe hakuigusa.

"Majibu ya damu yametoka?" aliuliza hata hawajaketi vizuri.

"Yametoka."

"Nieleze kama mtu wa eksirei. Usinieleze kama mgonjwa."

Koleta aliipenda kauli hiyo, akavuta kiti karibu.

"Unajua kwamba vinasaba ni nyuzi mbili zilizosokotana, ndani ya kila seli. Nyuzi hizo zinakatika kila siku, Irine, kwangu na kwako. Jua linazikata, moshi wa kuni unazikata, hata hewa tunayovuta. Na kila siku mwili unazishona. Ukikatika uzi mmoja si kazi, kwa sababu ule wa pili unaonyesha pa kushonea. Ubaya ni zikikatika zote mbili mahali pamoja. Hapo mwili unashona kwa kubahatisha, na mara mojamoja unaunga kipande cha huku na cha kule. Kosa la namna hiyo likibaki, ndilo tunaloliogopa."

"Na mtoto?"

"Mtoto naye anashona. Tunamwogopea zaidi kwa sababu bado anajengwa. Kwa kiasi kilichosomwa kwenye beji, hata kama chote kilikupata wewe, uwezekano wa kumdhuru ni mdogo. Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekwambia lea mimba yako, kula, lala. Lakini mdogo si sifuri, na mimi sikuja hapa kukudanganya."

"Damu inasemaje?"

"Walihesabu kromosomu zilizoungwa vibaya. Wamekuta chache, zilezile ambazo wangezikuta kwangu au kwa Sajenti."

Irine alinyanyua uso. "Basi sikupigwa."

"Hapana, mama. Damu haijui. Dozi kubwa inaacha alama, dozi ndogo inajificha katikati ya makosa ya kila siku. Damu yako haiwezi kuniambia ndiyo wala hapana. Na jibu la namna hiyo silipendi hata kidogo."

Irine aliinamia kikombe chake. Huko Kifaru, alisema, mama mkwe amemshauri asinunue hata kofia ya mtoto kwanza. Si kwa ubaya, mama wa watu anampenda. Lakini kila jioni Anold, mume wake, anapiga simu kuuliza hali, na kila jioni kuna ukimya kabla hajauliza, na ukimya huo ndio unaomuua.

"Tuanze na beji," alisema Koleta. "Siku ulizokuwa Kifaru ilikuwa wapi?"

"Kituoni. Kwenye ubao wa beji."

Koleta alinyamaza kwa namna yake. Chai ya Sajenti iliisha, akajimiminia nyingine, na bado Koleta alikuwa amenyamaza.

"Ilikuwa hapa," alisema Irine kwa sauti ndogo. "Nyuma ya mlango huu, kwenye sweta langu la kazini. Niliibandika kwenye sweta, nikawa narudi nayo nyumbani. Najua hairuhusiwi. Siku ya kwenda likizo nililiacha sweta msumarini. Kifaru kuna joto, nilibeba nguo nyepesi tu."

Koleta alisimama ghafla, mpaka kiti kikaanguka.

"Unaona ulichoniambia? Kama beji ilimeza mionzi yake ukiwa umeivaa, ilikupata wewe na mtoto. Kama iliimeza ikiwa msumarini, ninyi mlikuwa Kifaru. Ulikuwa unaficha kosa dogo, kumbe ndilo jambo pekee linaloweza kukuokoa!"

Irine aliweka mkono mdomoni. Alikuwa ameiogopa barua ya onyo kuliko alivyofikiri.

Koleta alikwisha kufungua mkoba wake na kutoa kipimo, kidude cha mkononi chenye kioo, ambacho kikisikia mionzi hulia, na kikiisikiliza kwa muda hutaja jina la kinachoitoa. Alianza sebuleni, nyuma ya mlango, juu ya msumari. Kipimo kiliguguna taratibu, sauti ya kawaida ya kila mahali. Akaenda chumba cha kulala. Chini ya kitanda kulikuwa na kiroba cha mawe mekundu, maana Anold huuza mawe ya vito, na Sajenti Iddi akapiga kofi la ushindi.

"Hayo hapo! Mawe!"

Koleta alikiweka kipimo juu ya kiroba. Kikaguguna vilevile.

"Ni mawe mazuri tu, afande. Hayana neno."

Waliingia chumba cha pili. Kitanda kidogo, godoro, mto wa sufi, na majamvi yaliyoviringishwa pembeni. Koleta alipeleka mkono juu ya godoro, akapita, akafika kwenye mto. Kipimo kilianza kulia kwa haraka. Si kelele za kuogofya, ila haraka. Alikishikilia pale akisubiri, wenzake wakasubiri nyuma yake, hadi jina likatokea kwenye kioo.

Iodini.

"Mto huu si wa kuogopa," alisema mara moja, alipoona Irine anarudi nyuma. "Kilichobaki ni kidogo sana. Iodini hii ya mionzi, si ile ya chumvini, inapungua nusu kila baada ya wiki moja na siku moja, kwa hiyo haijapita hata miezi miwili tangu ifike hapa. Na haipatikani milimani wala dukani. Inapatikana hospitali kubwa tu. Mgonjwa anaimeza, inakwenda kukaa shingoni, kwenye tezi, inalitibu rovu. Siku za mwanzo mwili wake unatoa mionzi, na jasho lake linabeba kidogo. Irine, kuna mtu amelaza kichwa hapa. Nani?"

"Hakuna mtu aliyelala hapa."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi, na Anold. Na bibi yangu wa Gonja, Bibi Dorkas, lakini bibi..." Machozi yalimtoka upya, ya aina nyingine. "Bibi siku hizi hanitaki."

Alieleza huku akipenga kamasi kwenye pindo la kanga. Bibi Dorkas ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Hajawahi kumnyima kitu. Lakini tangu arudi likizo amepanda Gonja mara mbili, na mara zote mbili bibi amemsimamisha uani. Chakula anawekewa kwenye kigoda, bibi anarudi nyuma, ndipo yeye anaruhusiwa kukichukua. Akisogea, bibi anasogea. "Nimemkosea nini? Nilidhani ameona dalili. Wazee wanaona mambo. Nilidhani amejua mtoto wangu si mzima."

Koleta na Sajenti walitazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Sajenti alikuwa amewahi kuelewa.

"Ngoja," alisema, akatoka nje.

Alirudi na jirani wa ukutani, Chiku, muuza vitumbua, mikono bado ina unga. Chiku alimwangalia Irine kwa huruma, akamwangalia Sajenti kwa hofu, akaamua kusema na Koleta.

"Niliahidi sitasema. Lakini kama ni serikali inauliza, hiyo si kusema, ni kujibu. Eti?"

"Ni kujibu," alisema Koleta.

"Bibi Dorkas alikuwa hapa. Alikuja Irine akiwa Kifaru, akakaa peke yake, akaondoka kabla Irine hajarudi. Usiku namsikia anaimba nyimbo za kanisani kwa Kipare, sauti ya chini. Nikampelekea uji, nimebeba kwa heshima zangu zote, akanipigia kelele kupitia dirishani: weka hapo chini, rudi nyuma! Nikasema haya, Wapare bwana, na uji nao mnauwekea mipaka. Akaniambia, usimwambie mjukuu wangu, nitamwambia mwenyewe. Nikanyamaza. Nimeumwa tumbo kwa kunyamaza."

*

Walikwenda Gonja kwa barabara ya Kisiwani, Irine kiti cha nyuma, mlima upande mmoja na nyika upande mwingine, na baada ya Maore wakaanza kupanda. Sajenti alikuwa akimtania Koleta njia nzima kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, kwa hiyo asithubutu kumwambia bibi amekosea jambo lolote, wataonana mahakamani mpaka wazeeke. Koleta alicheka, lakini akili yake ilikuwa kwingine. Mto ulimpa jina. Haukumpa beji. Beji ilikuwa sebuleni, nyuma ya mlango, ukuta mzima kutoka kitandani. Mgonjwa aliyelala chumba cha pili asingeweza kuijaza kiasi kile. Na kama hakuijaza yeye, wanarudi walikoanzia, na Irine anarudi kulia.

Bibi Dorkas alikuwa anamenya tangawizi uani, mwanamke mwembamba, shingo imezungushiwa skafu. Alimwona Irine anashuka kwenye gari, akasimama na kisu chake, mikono juu.

"Simama hapohapo! Hapo penye mgomba! Usinikaribie!"

Irine alisimama penye mgomba.

"Shikamoo, bibi," alisema Koleta.

"Marahaba. Wewe nani, na huyu askari amekuja kumkamata nani?"

"Naitwa Koleta. Kwetu Rombo, ila nafanya kazi Arusha."

"Mchaga! Na nimeacha kuku nje." Lakini alimvutia kigoda. "Keti, mwanangu. Kuku wenyewe wamekonda."

"Bibi, ulilala nyumbani kwa Irine, Same."

"Chiku huyo! Nilijua. Mdomo wake hauna komeo."

"Alijibu serikali, bibi. Kabla ya hapo ulikuwa wapi?"

Bibi Dorkas alimwangalia Irine kule mgombani, akaangalia mlima, akaona hakuna pa kukimbilia. Akafungua skafu. Uvimbe ulikuwepo bado, umenywea.

"Rovu hili. Moyo ulikuwa unanienda mbio nimekaa, mikono inatetemeka, nguo zinanipwaya. Mwanangu Fanueli akanipeleka hospitali Dar es Salaam. Wakanipa kidonge kimoja tu. Na aliyenipa akasogea mbali! Nikajiuliza, ni dawa gani hii, mgonjwa anaimeza na daktari anaikimbia?" Sajenti Iddi aliangua kicheko, akajizuia. "Wakaniambia, mama, sasa ukae peke yako. Usilale na mtu, usimkumbatie mtu, usipakate mtoto, na mwenye mimba asikukaribie kabisa. Nikauliza mpaka lini, wakanitajia siku, nikazisahau. Nikaona bora nizidishe. Nitangoja mpaka ajifungue."

"Kwa nini uende kwa Irine?"

"Ningekwenda wapi? Kwa Fanueli watoto wamejaa. Hapa kwangu wajukuu wanaingia kama kuku. Nilijua nyumba yake iko tupu, ufunguo ninao. Nikakaa mpaka nilipoona anakaribia kurudi, nikaondoka."

"Na kwa nini hukumwambia?"

"Huyu?" Bibi alinyoosha kisu kuelekea mgombani. "Ningemwambia, angekuja siku ileile. Yeye kazi yake ndiyo hiyo mionzi, haiogopi. Angesema bibi usijali, angenipikia, angenikanda miguu. Na yule aliye tumboni nani kamuuliza? Halafu ukisema umetoka Dar kwa dawa ya mionzi, kesho watu wanabandika makande ya matanga yako. Nikanyamaza."

Kule mgombani Irine alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Koleta aliinama mbele. Hapa ndipo alipopaogopa.

"Bibi, nyuma ya mlango wa sebule kulikuwa na sweta la bluu."

Bibi Dorkas, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akaanza kukusanya maganda ya tangawizi.

"Lilikuwepo."

"Ulilivaa?"

"Halinienei."

"Ulilifanya nini, bibi?"

Maganda yaliisha. Hakukuwa na kingine cha kukusanya.

"Nililichukua kulala nalo," alisema. "Mimi, mwanangu, sijawahi kulala peke yangu tangu nizaliwe. Nilizaliwa katikati ya dada zangu. Nikaolewa. Nikazaa. Mume wangu akafa, nikamchukua huyu, akawa analala mgongoni kwangu mpaka amekuwa msichana. Nyumba ile ilikuwa kimya, na upepo unapiga bati. Na sweta lilikuwa linanukia Irine. Nikalikumbatia, hapa, chini ya kidevu, kila usiku. Nikajiuliza kama nimevunja sheria. Lakini walinikataza nisimkumbatie mtu. Sweta si mtu."

Sajenti Iddi aligeuka kuangalia bonde, na aliliangalia kwa muda mrefu.

"Kwenye sweta kulikuwa na kidude kimebandikwa kifuani. Cha plastiki."

"Kilikuwa kinanichoma mashavu. Nikakizoea."

"Na siku ya kuondoka?"

"Nikalirudisha kwenye msumari wake. Nikalikung'uta."

Koleta aligeuka. "Irine! Ulirudi lini?"

"Jumapili," alisema Irine toka mgombani, kwa shida.

"Mimi niliondoka Ijumaa," alisema bibi. "Sikutaka tukutane hata njiani."

Koleta alipiga hesabu kichwani. Kiasi cha dawa kilichokuwa bado shingoni, umbali wa shingo hadi beji, usiku baada ya usiku. Ilifika palepale beji iliposoma. Na mionzi ya dawa ile ndiyo hasa isiyojali shaba. Hesabu ilifunga pande zote. Koleta, aliyekuwa na miaka mingi kazini na sifa ya kutobabaika, aliona macho yake yanamsaliti.

"Irine, nisikilize. Beji ilimeza mionzi yote ikiwa kifuani kwa bibi yako. Wewe hukupata."

"Hata kidogo?"

"Katika hiyo, hata kidogo. Ulikuwa Kifaru."

"Na mtoto?"

"Mtoto alikuwa Kifaru pamoja nawe."

Irine alikaa chini, penye majani makavu ya mgomba, akalia kwa sauti bila kujificha. Bibi Dorkas alinyanyuka nusu, akakumbuka, akaketi tena, akiwa ameng'ang'ania kigoda chake.

"Analia nini? Huyu askari kamwambia nini? Niambieni analia nini!"

Koleta alimweleza. Alimweleza beji, mwezi ule, chakula kilichokuwa hakiliwi, na dalili aliyodhani bibi ameiona. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Nimemkimbia mtoto wangu ili nisimdhuru, kumbe mimi ndiye niliyekuwa namliza."

"Hukumdhuru, bibi. Ulimkinga. Kama ungekuwa nyumbani mwake naye yuko, leo ningekuwa nasema maneno mengine."

Alitoa kipimo, akakisogeza kwenye shingo ya bibi. Kililia kidogo, kikatulia, na jina lilelile likaonekana kwenye kioo.

"Bado kipo!" Bibi alijivuta nyuma. "Nilijua! Mwambie asisogee!"

"Kipo kidogo sana."

"Kidogo si sifuri."

Koleta alicheka, maana alikuwa amesema maneno hayohayo asubuhi kwa sauti ya mamlaka. "Kweli si sifuri. Lakini ukimkumbatia mpaka jua lizame, atapata pungufu ya kile mawe ya mlima huu yanachompa kila siku, yalichokupa wewe ukiwa na mimba zako zote. Hicho mwili unakishona hata hujapakua chakula. Siku ulizoambiwa hospitali zimekwisha zamani, bibi. Unaruhusiwa."

"Na mwenye mimba?"

"Na mwenye mimba."

Bibi Dorkas aliweka kisu chini. Alifuta mikono kwenye kanga, upande mmoja na upande mwingine, tena na tena, mpaka haikuwa na kitu cha kufutwa. Kisha akasimama, akaifungua mikono yake.

"Njooni," alisema. "Njooni nyote wawili."

Sajenti Iddi akapiga hatua moja mbele. Koleta akamshika mkono wa shati, akamrudisha, na Irine akawapita wote, kanga ikiburuzika nyuma yake, kiganja kimoja kimeshika tumbo.